Kazi ya Mungu haina makosa, lakini ile grili ilikuwa kazi ya mtu

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wako wa barua, na kama ni ndefu naomba radhi, nimejaribu kuikata mara mbili nikashindwa.

Kuna neno tumelizoea sana hapa Kenya, liko kwa matanga, liko kwa wodi za hospitali, liko kwa redio wakisoma matangazo ya vifo: kazi ya Mungu haina makosa. Mimi mwenyewe nimelisema sana. Tulipomzika baba ndilo lilinisimamisha pale kaburini manake sikuwa na lingine, kwa hivyo mtu asisome barua hii akafikiria nimekuja kulidharau. Naandika kwa sababu mwezi uliopita nimelisikia likitoka kwa mdomo ambao haukufaa kulitoa, na tangu siku hiyo nashinda usiku nikifungua Biblia huku na huku nikitafuta kama kweli linasemwa hivyo.

Wacha nieleze. Ploti yetu iko huku Eastlands, ghorofa tano, na kama ploti nyingi za huku mahali pa kuanika nguo ni juu kabisa, kwa ile dari ya zege ya mwisho. Upande unaoangalia barabara grili ilikuwa imeliwa na kutu pale chini, na kabla ya Krismasi kipande kama cha mita moja kikang'oka. Keteka akafunga hapo kamba ya manila na waya. Tukaandika kwa grupu ya WhatsApp ya ploti, mama mmoja wa ghorofa ya tatu akapanda akapiga picha akatuma, landilodi akajibu ameona na atatuma fundi. Januari ikaisha. Februari ikaisha, kodi ikiitishwa kila tarehe tano bila kukosa hata siku moja, na fundi hakuja. Halafu Jumamosi moja mtoto wa miaka sita, wa jirani yangu wa mlango wa pili, akapanda na dadake akimbebea vibanio vya nguo, na hapo sitaendelea juu mama yake husoma gazeti hili.

Jioni ya maombi kabla mwili haujasafirishwa kwenda nyumbani, landilodi alikuja. Sisemi alikuja kwa ubaya. Alitoa mchango mkubwa kuliko sisi wote, akalia, na nafikiri alilia kweli. Kisha akapewa maiki na akasema ndugu zangu tusiulize maswali mengi, hii siku ilikuwa imepangwa, kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia amina. Na mimi niliitikia, mdomo ukaitikia kabla kichwa hakijafika, halafu nikamwangalia mama wa mtoto na yeye peke yake ndiye hakuwa ameitikia.

Sasa, mimi naamini Mungu anatawala. Naamini kabisa, na si nusu nusu. Yesu alisema shomoro haanguki chini pasipo Baba yenu, na akasema hata nywele za kichwa zimehesabiwa zote. Mithali inasema kura hutupwa lakini hukumu yake yote ni ya Bwana. Kuna watu wanataka kumsaidia Mungu kwa kusema aah, hii hakuwa akiiona, hii ilimpita, na mimi huwaambia Mungu ambaye mambo humpita hawezi kunifariji, manake hata kesho yangu itampita. Kwa hivyo shida yangu haiko hapo. Kama ningekuwa siamini Mungu anatawala, maneno ya landilodi yangepita tu kama upepo. Yaliniuma juu nayaamini.

Nikaanza kuuliza hivi, kwa Biblia ni nani husema haya maneno? Nikaenda kwa Yusufu kwanza, kila mtu huenda hapo. Ndugu zake walimtupa shimoni, wakamuuza kwa vipande ishirini vya fedha, akafika Misri, akatiwa jela, na mwisho anawaambia mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Mwanzo 50:20. Nimehubiriwa huo mstari labda mara hamsini, na sijawahi kuona kitu ambacho kiko wazi hapo mbele ya macho: aliyesema ni Yusufu. Ni yule aliyekuwa ndani ya shimo! Ndugu zake hawakuwahi kusema hivyo hata mara moja. Wao walipobanwa kule Misri walisemezana wakasema hakika tumekosa juu ya ndugu yetu, tuliona shida ya nafsi yake alipotusihi tukakataa kusikia. Hebu fikiria Yuda, yule ndugu aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, siku ile ya kuuza, anahesabu fedha na kusema, jamani msijali, Mungu ana mpango na huyu kijana. Na ingekuwa ukweli! Mungu alikuwa na mpango kweli. Lakini ukweli huo huo, ukitoka kwa mdomo wa Yuda siku hiyo, ungekuwa kufuru. Na hata Yusufu mwenyewe hakuanza na "Mungu aliyakusudia", alianza na "mlinikusudia mabaya", alitaja kosa kwa jina lake kwanza, kisha ndio akafariji.

Halafu nikaenda kwa Daudi na hapo nikashtuka zaidi. Mnajua habari ya Uria, mume wa Bathsheba, Daudi aliandika barua Uria mwenyewe akaibeba kwa mkono wake hadi kwa Yoabu mkuu wa jeshi, kwamba awekwe mahali vita ni vikali kisha wenzake warudi nyuma. Uria akafa. Mjumbe alipoleta habari, Daudi akamtuma amwambie Yoabu hivi, jambo hili lisikuone baya, manake upanga hula huyu na huyu. 2 Samweli 11:25. Soma tena polepole. Upanga hula huyu na huyu! Si ni ile tunaona imeandikwa nyuma ya matatu, ajali haina kinga? Mfalme mwenye damu mkononi anaongea kama mzee wa busara kwa matanga, anasema vita ni vita, siku ikifika imefika. Na sura haimalizikii hapo, mstari wa mwisho unasema jambo lile alilolitenda Daudi lilikuwa baya mbele za Bwana. Yeye anasema lisikuone baya, Mungu anasema ni baya. Ilibidi nabii Nathani aje na ile hadithi ya kondoo wa maskini ndio Daudi aseme nimemfanyia Bwana dhambi. Na huyo huyo Daudi, miaka baadaye, akikimbia mwanawe Absalomu na Shimei akimrushia mawe na matusi njiani, anasema mwacheni alaani, kwa kuwa Bwana ndiye amemwagiza. Hapo analisema neno la Mungu kutawala, na linakubalika, juu mawe yalikuwa yanampiga yeye.

Kwa hivyo mimi nimeona hivi, na kama nimekosea wenye elimu ya dini wanisahihishe kwa ukurasa huu. Neno la Mungu kutawala ni la yule aliyeumizwa. Yeye ana ruhusa, akitaka kulisema, na siku akitaka, hata kama ni baada ya miaka ishirini. Aliyeumiza ana neno lake lingine kabisa na ni fupi, nimekosa. Hata Farao alilisema. Farao! Kitabu cha Kutoka mara kinasema Mungu aliufanya moyo wake mgumu, mara kinasema yeye mwenyewe aliufanya mzito, na bado mvua ya mawe ilipompiga alimwita Musa na Haruni akasema nimekosa wakati huu, Bwana ni mwenye haki, mimi na watu wangu ni waovu. Hakusema ni moyo wangu uliofanywa mgumu, mnilaumie nini. Sasa landilodi wa Nairobi ashindwe na Farao?

Nilipeleka hili jambo kwa baibo stadi yetu ya Jumatano na moto ukawaka. Tuko watu wa makanisa tofauti, tunakutania kwa nyumba ya mzee mmoja. Wale waliokulia kanisa la Presbyterian wakasema Mungu ameamuru yote tangu milele na mtu asijaribu kupinga. Wale wa Kipentekosta wakasema hapana, mtu ana hiari, Mungu hawezi kupanga mtoto aanguke, hiyo ni kazi ya shetani. Hii vita ni ya zamani sana na si ya wazungu peke yao, Augustino aliyebishana na Pelagio, mwalimu wa dini aliyesisitiza hiari ya mtu, juu ya neema na hiari alikuwa Mwafrika wa kaskazini, askofu wa Hippo, hapo Algeria ya leo, alikufa mwaka wa 430. Na wenzangu wa Presbyterian niliwakumbusha jambo moja wakanyamaza kidogo: ungamo la imani la Westminster la mwaka wa 1646, ambalo ndilo msingi wao, likishasema Mungu ameamuru yote yanayotokea linaendelea sentensi hiyo hiyo kwamba hata hivyo yeye si mwanzilishi wa dhambi, na hiari ya viumbe hailazimishwi. Hao wazee wa zamani waliona hatari ya mtu kujificha nyuma ya Mungu, wakafunga huo mlango palepale.

Lakini kilichonifungua macho mimi ni Matendo 27, na naomba msomaji akimaliza barua hii aisome yote, ni safari ya meli na ni tamu. Paulo ni mfungwa anapelekwa Roma. Wako Krete, majira ya baridi yanakaribia, Paulo anasema tukiendelea tutapata hasara. Akida anayemlinda, anaitwa Yulio, akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Mwenye merikebu, mnaona! Mwenye mali alisema twende, wakaenda. Tufani ikawapata, siku nyingi hawaoni jua wala nyota, wakatupa shehena, wakakata tamaa. Hapo Paulo akasimama katikati yao na nataka msikie alivyoanza. Alisema, wanaume, ilikuwapasa kunisikiliza mimi, msing'oe nanga huko Krete na kupata madhara haya na hasara hii. Ni baada ya hapo ndio akasema jipeni moyo, malaika wa Mungu amesimama karibu nami usiku huu, hakuna hata nafsi moja itakayopotea ila merikebu tu. Yote kwa hotuba moja. Kosa limetajwa mbele ya wenye kosa, kisha ahadi ya Mungu ikatolewa kwa wote, wenye kosa wakiwa ndani.

Sasa sikia inavyoendelea. Mungu ameshaahidi watu wote wataokoka, watu 276, imeandikwa idadi. Ahadi iko, haiwezi kuvunjika. Usiku wa kumi na nne mabaharia wakashusha mashua wakijifanya wanaenda kutia nanga za mbele, kumbe wanataka kutoroka. Kama wewe ni wa ile imani ya siku ikifika imefika, ungesema waache waende, si Mungu amesema hakuna atakayekufa? Paulo alimwambia akida na askari, hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka. Hamtaweza! Mtu yule yule, na ahadi ile ile kifuani. Askari wakakata kamba za mashua ikaanguka baharini. Na wote 276 wakafika pwani ya Melita, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya meli. Mungu alipanga mwisho na akapanga pia zile kamba zikatwe, na aliyekata ni askari na kisu chake, na asingekata angekuwa na hesabu ya kutoa.

Sijui kuielezea zaidi ya hapo inavyoshikana, na sioni aibu, Musa mwenyewe alisema mambo ya siri ni ya Bwana na yaliyofunuliwa ni yetu na watoto wetu. Watoto wetu. Kwa hivyo yaliyofunuliwa tuyashike basi.

Na lililofunuliwa juu ya dari liko wazi mpaka linatisha. Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba mpya utafanya ukuta kando kando ya dari yako, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako mtu akianguka kutoka huko. Niliposoma mara ya kwanza usiku niliinuka nikaenda jikoni nikanywa maji. Nyumba za Israeli zilikuwa na dari tambarare kama zetu, na watu waliishi huko juu, Rahabu aliwaficha wale wapelelezi chini ya mabua ya kitani aliyokuwa ameanika huko, Petro alipanda kule Yafa kuomba saa sita. Waliombea juu, walianika juu, vile sisi huanika huku. Na Mungu yule yule aliyehesabu nywele za kichwa, Mungu ambaye shomoro haanguki bila yeye, ndiye aliyesema weka ukuta. Angeweza kusema mimi ndimi mlinzi wenu, laleni tu huko juu. Alisema weka ukuta, na akasema damu itakuwa juu ya nyumba ya nani. Hakusema juu ya mtoto. Hakusema juu ya mamake.

Na Kutoka 21 iko na habari ya ng'ombe mwenye kupiga pembe. Akiua mtu mara ya kwanza mwenyewe ataachiliwa. Lakini kama ng'ombe alikuwa na hiyo tabia tangu zamani na mwenyewe ameambiwa, halafu hakumfunga na ameua mtu, hesabu inabadilika kabisa, mwenyewe naye anastahili kufa. Yaani sheria ya Musa inauliza swali moja, aliambiwa au hakuambiwa? Sisi tulimwambia. Picha bado iko kwa grupu, na zile tiki mbili za bluu ziko.

Wacha niguse hili la mama, manake limeniuma pia. Wale ambao hawakusema ni mpango wa Mungu walisema ni uzembe wake, mtoto wa miaka sita anapanda juu bila mtu mzima anatafuta nini. Na kuna mmoja, mtu wa maombi, akasema labda kuna kitu kwa hiyo familia kinahitaji kuombewa. Yesu aliletewa mambo kama haya. Kwa Luka 13 akataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane, akauliza, je, mnadhani wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wakaao Yerusalemu? Akajibu sivyo, lakini msipotubu ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Aligeuza vidole vyote vikarudi kwa wale waliosimama wakiangalia vifusi. Mama alikuwa kazini Jumamosi hiyo, anafulia watu mitaa ya juu ndio alipe kodi ya nyumba hiyo hiyo. Naomba tumwache.

Ukipanua macho utaona si ploti yetu peke yake. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka kule Huruma usiku wa mvua kubwa, karibu na mto, karibu watu 50 wakafa. Baada ya siku zaidi ya tatu mtoto mchanga alitolewa kwenye vifusi akiwa hai, na nchi nzima tukamshukuru Mungu, na ilikuwa haki kumshukuru, machozi yalinitoka. Lakini nakumbuka pia vile kumshukuru kuligeuka kuwa mwisho wa habari. Muujiza ukala maswali. Nani aliidhinisha, nani alijenga kando ya mto, nani alichukua kodi mwezi huo. Katiba yetu ya 2010 inaanza kwa kukubali ukuu wa Mwenyezi Mungu wa viumbe vyote, hilo ndilo jambo la kwanza utangulizi unalitaja, halafu ikaendelea kuandika vifungu 264 vya nani afanye nini, na kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya makao bora. Walioandika hawakuona ukuu wa Mungu unawapunguzia kazi ya kuandika.

Mzee mmoja Mwislamu mwenye duka hapa chini, mtu wa Lamu, nilimsomea Kumbukumbu 22:8 nikinunua mkate, akatikisa kichwa akasema sisi tuna hadithi ya Mtume, mtu aliuliza kama amwache ngamia bila kumfunga amtegemee Mungu, akaambiwa mfunge kisha utawakali. Tukaangaliana tu. Tulikuwa tumesimama hapo mbele ya ploti, na ukiinua macho ile sehemu ilikuwa inaonekana.

Na sasa lile ambalo sikutaka kuandika. Ayubu ndiye mwenye ule mstari mwingine wa matanga, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na pasta aliusoma jioni ile. Ayubu aliusema juu ya watoto wake kumi, ni wake, aliulipia. Lakini huyo Ayubu kwa sura ya 29 na 31 anahesabu maisha yake, anasema alivunja taya za wasio haki, alikuwa baba kwa mhitaji, na daawa, yaani kesi, ya mtu asiyemjua aliichunguza. Daawa ya mtu asiyemjua! Mimi ya jirani wa mlango wa pili sikuichunguza. Niliona ile kamba ya manila. Nilianika nguo zangu miezi miwili nikiipita, nikisogeza kamba yangu mbali na hapo kwa sababu niliogopa, mimi mtu mzima niliogopa, kisha nikashuka. Niliandika kwa grupu mara moja, nikaona nimemaliza yangu. Fundi wa kuchomelea vyuma ana kibanda mita mia moja kutoka kwa geti, tungechanga watu kumi angepanda siku hiyo hiyo, tukakata kwa kodi baadaye, na kama landilodi angekataa angekataa. Ezekieli 33 inasema juu ya mlinzi aliyeuona upanga ukija asipige tarumbeta, kwamba damu itatakwa mkononi mwake. Nimemwambia mama wa mtoto maneno haya kwa mdomo wangu, kabla sijayaandika hapa. Alinishika mkono hakusema kitu, na sikumwomba aseme.

Kwa hivyo naomba mambo matatu tu. Mapasta wetu, nawapenda, msimpe maiki mtu yeyote mwenye hesabu na kifo kabla hajaongea na familia faraghani, na mkilisema lile neno lisemeni mkiwa mmeketi na waliofiwa, baada ya kuuliza kilichotokea. Kaunti, watu wa kukagua majengo, pandeni juu, mnaishiaga kwa geti, shida iko juu. Na landilodi wetu, ambaye najua atasomewa barua hii hata kama hatanunua gazeti, andika neno moja kwa ile grupu ya WhatsApp, chini ya ile picha. Unalijua. Hakuna mtu wa ploti atakutukana, na mimi nitakuwa wa kwanza kukushika mkono, juu nimeshalisema langu na najua vile linatoka kwa shida.

Fundi alikuja Jumatatu baada ya mazishi. Hakumaliza hata masaa mawili, akachomelea kile kipande, akapaka rangi ya fedha mpaka mwisho, ikawa safi. Sisi wengine tumerudi kuanika huko. Mama wa mtoto huanika ndani siku hizi, kwa kamba aliyoifunga kutoka kwa dirisha hadi kwa mlango, na ukimtembelea unainama kupita chini ya nguo.

Msomaji wako,
Eastlands, Nairobi